Kesi ya bahari na Somalia: nani aliamua nini, na kwa nguvu gani

Ukitaka kuanzisha mabishano yasiyokwisha kwenye baraza lolote la Mji wa Kale, Mombasa, taja kesi ya mpaka wa bahari kati ya Kenya na Somalia, iliyohukumiwa na Mahakama ya Kimataifa ya Haki mwaka 2021, halafu nyamaza. Mmoja atasema Lamu imeshapewa Wasomali. Mwingine atasema Uhuru aliikataa hukumu, basi hukumu haipo. Wa tatu, na huyu kwa kawaida ndiye mwenye sauti kubwa, atakukumbusha kwamba kesi ilikuwa The Hague, kule kule walikoitwa Uhuru na Ruto, kwa hiyo hayo ni mambo ya wazungu na chuki zao. Na tangu Somalia ilipoingia rasmi katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, mwezi Machi 2024, limezuka swali jipya: kama sasa tu jumuiya moja, ule mpaka si umekwisha kazi?

Katika hayo yote hakuna lililo sahihi. Lakini watu hawakosei kwa ujinga. Suala lenyewe limepita mikononi mwa taasisi nyingi zenye majina yanayofanana, na serikali yetu ilibadilisha hoja zake njiani mara kadhaa. Tulifungue polepole, tukianza na maji yenyewe.

Bahari ya nani, na mpaka wapi

Kuna mkataba mkubwa wa Umoja wa Mataifa kuhusu sheria ya bahari, uliotiwa saini mwaka 1982. Kenya na Somalia zote mbili ziliuridhia mwaka 1989. Mkataba huo unaikata bahari kwa vipimo, na kila kipimo kina haki zake.

Kutoka ufukweni hadi maili 12 za baharini, yaani kilomita 22 hivi, ni bahari ya taifa. Hapo serikali ina mamlaka karibu sawa na yale iliyo nayo nchi kavu, ila meli za wengine zinaruhusiwa kupita kwa amani. Baada ya hapo, hadi maili 200 au takriban kilomita 370, kuna ukanda wa kiuchumi. Hapa ndipo wengi wanapopotea. Serikali haimiliki maji ya ukanda huu. Inamiliki haki ya vilivyomo: samaki, mafuta, gesi, hata upepo wa kuzalisha umeme. Meli inayotoka Mumbai kwenda Durban inakatiza katikati ya ukanda wa Kenya bila kuomba ruhusa ya mtu. Kisha kuna sakafu ya bahari, ile ardhi iliyo chini ya maji inayoendeleza bara. Nchi ikithibitisha kisayansi kwamba sakafu yake inaendelea kupita maili 200, inaweza kudai haki ya vilivyo ndani ya sakafu hiyo, mara nyingi hadi maili 350.

Nifungue mabano kidogo, maana wazee wetu wakisikia "maili" na "mwambao" katika sentensi moja huruka moja kwa moja hadi maili kumi za Sultani. Zile zilikuwa ardhi. Ni ukanda wa Pwani ambao Sultani wa Zanzibar aliwaachia Waingereza wautawale kwa mkataba wa 1895, na ukakabidhiwa Kenya kwa makubaliano ya Oktoba 1963. Una mjadala wake, na ni mjadala mrefu, lakini hauhusiani hata kidogo na kesi hii.

Pembetatu

Chukua ramani ya shule na rula. Tafuta Kiunga, halafu panda kidogo hadi mpaka unapokutana na bahari, karibu na Ras Kamboni. Mpaka ule wa nchi kavu ni kazi ya Waingereza na Waitalia, baada ya mkataba wao wa 1924 uliowapa Waitalia Jubaland. Wakapanda mawe yao hadi ufukweni. Baharini hawakutuachia mstari ambao pande zote mbili zingeutegemea, na hapo ndipo shida ilipozaliwa.

Sasa weka rula ufukweni na uielekeze mashariki moja kwa moja, sambamba na ikweta. Huo ndio mstari wa Kenya. Halafu iinamishe rula ielekee kusini-mashariki, hivi kwamba kila nukta ya mstari iko umbali ule ule kutoka pwani ya Kenya na pwani ya Somalia. Huo ndio mstari wa Somalia. Pwani yetu imekaa kimshazari, inapanda kuelekea kaskazini-mashariki, kwa hiyo mistari hii miwili inaanzia mahali pamoja na kuachana kadiri unavyokwenda bahari kuu. Kati yake inabaki pembetatu ambayo vyombo vya habari huikadiria kuwa kilomita za mraba 100,000 hivi. Mkoa wa zamani wa Pwani wote, kutoka Taveta hadi Kiunga, haufiki hapo.

Kwa nini Kenya ikang'ang'ania mstari wa kwenda mashariki? Jibu liko kusini. Na Tanzania tulikubaliana kwa barua za 1975 na 1976 kwamba mpaka wa baharini, baada ya kupita Pemba, ufuate mstari kama huo. Kenya ilitaka na kaskazini iwe vivyo hivyo ili bahari yake itoke na upana wake kamili hadi mbali. Majirani wote wawili wakitumia umbali sawa, bahari ya Kenya inabanwa huku na huku na kuzidi kuwa nyembamba inavyoenda mbali. Hoja hii haikuwa ya kipuuzi. Ilikuwa na haki ndani yake, na tutaona kwamba majaji waliisikia, japo kwa sikio moja.

Mkakati wa kuacha muda ufanye kazi

Mwaka 1979 Rais Moi alitoa tangazo kwamba ukanda wa kiuchumi wa Kenya unapakana na Somalia kwa mstari wa kwenda mashariki. Mwaka 2005 Rais Kibaki akalitoa tena. Katikati ya matangazo hayo mawili, mwanzoni mwa 1991, serikali ya Siad Barre ilianguka na Somalia ikabaki bila dola inayofanya kazi kwa miaka mingi. Kenya iliendelea kupeleka doria za jeshi la wanamaji kutoka Mtongwe, ikatoa vibali vya utafiti, na mwaka 2012 ikayapa makampuni ya Eni na Total vitalu vya mafuta ambavyo sehemu yake ilikuwa ndani ya pembetatu.

Mtu wa Mombasa haitaji wakili kuuelewa mkakati huu, kwa sababu tunaishi nao. Sheria ya Kenya inasema ukikaa kwenye ardhi ya mtu miaka 12, waziwazi, bila ruhusa yake na bila yeye kuchukua hatua, unaweza kwenda mahakamani kudai ardhi hiyo iwe yako. Likoni, Kisauni, Changamwe, watu wamejenga, wamezaa na wamezikana wakiitegemea sheria hiyo. Kenya ilifanya hivyo baharini. Ilisema: tumetangaza mpaka tangu 1979, tumelinda, tumetoa vibali, na jirani hakusema kitu kwa miaka 35. Kunyamaza kwake ni kukubali.

Sheria ya kimataifa inaukubali ukimya kama ushahidi, ila kwa masharti makali kuliko yale ya kiwanja cha Likoni. Lazima ukimya uwe wa wazi, wa muda mrefu, usio na maelezo mengine, na unaotoka kwa mtu aliyekuwa katika hali ya kusema. Mwenye kiwanja akiwa hoi kitandani hospitali, jirani hawezi kusogeza ua kisha akasema "mbona hukulalamika." Mahakama ilizingatia kwamba Somalia ilikuwa vitani kwa sehemu kubwa ya kipindi hicho.

Lakini kilichoimaliza hoja ya Kenya, kwa maoni yangu, hakikuwa vita vya Somalia. Ni makaratasi ya Kenya yenyewe. Sheria yetu ya bahari ya taifa ya 1972 inazungumzia mstari wa kati na jirani, na sheria ya 1989 inasema mpaka wa ukanda wa kiuchumi na nchi jirani utawekwa kwa makubaliano. Kama mpaka ulishakubaliwa tangu 1979, Bunge lilikuwa linatunga nini mwaka 1989?

Na juu ya hayo ikaja hati ya 2009.

Karatasi iliyokata pande mbili

Hapa panahitaji subira kidogo, kwa sababu ndipo kiini cha kesi kilipo na ndipo magazeti mengi yalipopita mbio.

Kuna tume ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia mipaka ya nje ya sakafu ya bahari. Ina wajumbe 21, wengi wao wanajiolojia na wataalamu wa bahari. Nchi nyingi zilikuwa zimepewa hadi Mei 2009 kupeleka madai yao ya zaidi ya maili 200. Tume hiyo ina kanuni moja muhimu: haiyagusi madai ya eneo lenye mgogoro ila pande zote zikiridhia. Kenya ikipeleka madai yake na Somalia ikipinga, faili linalala. Na Somalia ingekwama vivyo hivyo.

Kwa hiyo tarehe 7 Aprili 2009, Kenya na serikali ya mpito ya Somalia zilitia saini hati ya maelewano, Norway ikiwa imesaidia kuiandaa. Ilisema, kwa ufupi: wewe hutanipinga mbele ya tume, nami sitakupinga, na mpaka kati yetu tutaukubaliana baada ya tume kutoa mapendekezo yake. Miezi michache baadaye bunge la mpito la Somalia likaikataa hati hiyo kwa kishindo, kwa hofu kwamba bahari inauzwa.

Somalia ilipofungua kesi tarehe 28 Agosti 2014, Kenya iliikimbilia hati hii. Ikasema mahakama haina mamlaka, kwa kuwa tulishakubaliana njia nyingine ya kumaliza jambo letu: mazungumzo, baada ya tume. Februari 2017 majaji wakajibu. Hati ni halali na inaifunga Somalia, bunge lake lipende lisipende. Hapo Kenya ilishinda. Ila, wakasema, hati hiyo haikuweka njia ya lazima ya kutatua mgogoro wala haizuii mtu kuja mahakamani. Kwa kura 13 dhidi ya 3, kesi ikaendelea.

Tazama sasa Kenya ilivyojifunga. Katika awamu ya kwanza ilishika karatasi inayosema mpaka bado haujakubaliwa na utakubaliwa baadaye. Katika awamu ya pili ikarudi kusema mpaka ulishakubaliwa tangu 1979 kwa ukimya wa Somalia. Mawakili wana ufundi wa kuzioanisha hoja kama hizo, na walijaribu. Lakini hata mtoto wa darasa la nane angeuliza: bwana, ipi ni ipi? Juu ya hayo, wajumbe wa nchi hizo mbili walikuwa wamekutana Nairobi mara mbili mwaka 2014 kujadili huo huo mpaka. Mkutano uliofuata ulipangwa Mogadishu mwezi Agosti, wajumbe wa Kenya hawakutokea, na siku chache baadaye Somalia ikaenda mahakamani.

Kuchagua uwanja

Baada ya 2017 mkakati wa Kenya ukageuka. Badala ya kushinda kesi, lengo likawa kuitoa kesi pale ilipo. Februari 2019 Nairobi ilimwita balozi wake kutoka Mogadishu, ikiituhumu Somalia kwa kunadi vitalu vya mafuta vya pembetatu huko London, jambo ambalo Somalia ilikana. Mwezi uliofuata Waziri Mkuu wa Ethiopia, Abiy Ahmed, alikuja Nairobi na Rais Farmaajo wa Somalia ili awapatanishe na Uhuru. Kenya ikawa inasisitiza jambo liende Umoja wa Afrika, liishe kindugu.

Ukitaka kuelewa kwa nini, jiulize kila upande ulikuwa na nini mkononi. Jeshi la Kenya limo Somalia tangu Oktoba 2011, na liliingia Kismayo mwaka uliofuata. Dadaab imewahifadhi wakimbizi wa Kisomali kwa zaidi ya miaka 30. Serikali ya mpito ya Somalia yenyewe iliundwa kwenye mazungumzo yaliyofanyika Kenya. Katika chumba cha siasa, mbele ya marais wenzako wa Afrika, mambo hayo yote yana uzito na hakuna haja hata ya kuyataja. Mbele ya majaji hayana uzito wowote. Majaji wanapima pwani, hawahesabu wanajeshi wala mahema. Kwa hiyo nchi yenye nguvu zaidi ilitaka mazungumzo, na nchi dhaifu ikataka mahakama, mahali pekee ambapo wote wawili wangekaa viti vya kimo kimoja. Utaukuta mpangilio huu duniani kote. Nicaragua iliipeleka Marekani mahakamani miaka ya 80, na Ufilipino ikaipeleka China mbele ya wasuluhishi mwaka 2013.

Kisha zikaja ahirisho. Usikilizaji uliopangwa Septemba 2019 ukasogezwa Novemba, kwa sababu Kenya ilitaka muda wa kuajiri mawakili wapya. Ukasogezwa tena Juni 2020, halafu Machi 2021 kwa sababu ya korona. Kenya ilipoomba mara ya nne, majaji wakakataa. Kenya ikasusia. Kususia hakusimamishi kesi. Kanuni za mahakama zinaruhusu iendelee bila mmoja, na majaji walikuwa tayari na maandishi marefu ambayo Kenya ilikuwa imeyawasilisha miaka ya nyuma.

Septemba 2021, wiki chache kabla ya hukumu, Kenya iliondoa tamko lake la 1965 la kuikubali mahakama hiyo kuwa ya lazima kwake. Hapa ndipo inapotoka ile kauli ya barazani kwamba tulijitoa, kwa hiyo haituhusu. Kujitoa kunafunga mlango kwa kesi zijazo. Kesi iliyofunguliwa 2014, wakati mlango uko wazi, iko ndani tayari.

Ni "UN" ipi hasa?

Watu husema "UN imetunyang'anya bahari" kana kwamba UN ni mzee mmoja amekaa New York na muhuri. Katika kesi hii zimo taasisi kadhaa, kila moja na kazi yake, na nyingine hazisalimiani.

Iliyotoa hukumu ni Mahakama ya Kimataifa ya Haki, ile inayoitwa ICJ. Ina majaji 15 wanaochaguliwa na Baraza Kuu na Baraza la Usalama, na inahukumu nchi kwa nchi tu. Ile ya kina Uhuru na Ruto ni ICC, inayoshtaki watu binafsi kwa makosa ya jinai kama mauaji ya halaiki. Zote ziko mji mmoja wa Uholanzi, na hapo ndipo undugu wao unapoishia. ICC si chombo cha Umoja wa Mataifa, na mkataba ulioianzisha ulianza kazi mwaka 2002 tu.

Kuna na lile dai la njama, kwamba mahakamani alikuwemo jaji Msomali. Ni kweli, Abdulqawi Yusuf wa Somalia alikuwa mmoja wa majaji, na kwa muda alikuwa rais wa mahakama. Kenya ililalamika juu yake. Kanuni za mahakama haziwaondoi majaji wa nchi husika. Zinampa upande wa pili nafasi ya kuteua jaji wake wa kesi hiyo, na Kenya ilimteua Gilbert Guillaume wa Ufaransa, ambaye naye aliwahi kuwa rais wa mahakama hiyo. Hukumu ya mwisho ilisomwa na rais wa wakati huo, Joan Donoghue wa Marekani. Unaweza bado kutoridhika na utaratibu huo. Mimi mwenyewe ningependelea jaji wa nchi husika akae kando. Lakini njama haikuwa.

Ile tume ya sakafu ya bahari haigawi mipaka kati ya majirani. Inapima tu sakafu inaishia wapi. Umoja wa Afrika una kanuni yake, iliyopitishwa Cairo mwaka 1964, kwamba tuheshimu mipaka tuliyoirithi siku ya uhuru, ila kanuni hiyo haisaidii pale ambapo hakuna mstari uliorithiwa. Unaweza kupatanisha, kulazimisha hauwezi. IGAD, jumuiya ya nchi za Pembe ya Afrika, vivyo hivyo. Na Jumuiya ya Afrika Mashariki ni mambo ya forodha, biashara na pasipoti. Kuingia kwa Somalia hakufuti mpaka wowote, kama vile kuwa pamoja na Uganda hakujatuondolea kelele za kisiwa cha Migingo.

Hukumu ilisema nini

Tarehe 12 Oktoba 2021 mahakama ilitoa uamuzi wake. Majaji wote, bila mmoja kupinga, walikataa kwamba kulikuwa na mpaka uliokubaliwa kwa ukimya. Ndani ya maili 12 walichora mstari wa kati. Kutoka hapo hadi maili 200 walianza na umbali sawa, kisha wakausogeza mstari kaskazini kidogo, upande wa faida ya Kenya, kwa sababu waliona kwamba pwani ya Somalia, Kenya na Tanzania ukiitazama kwa pamoja imeingia ndani na inaibana Kenya katikati. Hilo lilipita kwa kura 10 dhidi ya 4. Mstari huo ukaendelezwa kupita maili 200, kwa kura 9 dhidi ya 5. Makubaliano yetu na Tanzania hayakuhesabiwa dhidi ya Somalia, kwa kuwa haikuwemo kwenye makubaliano hayo.

Kwa hiyo sehemu kubwa ya pembetatu ilikwenda Somalia, kipande kikabaki Kenya. Somalia iliomba pia Kenya itamkwe kuwa imevunja sheria kwa kufanya shughuli mle. Majaji wote wakakataa. Hakuna fidia iliyolipwa.

Na Lamu? Mpaka wa nchi kavu haukuguswa hata kwa shibiri moja. Kiunga iko Kenya, visiwa vyote vya Lamu viko Kenya. Mvuvi wa ngalawa wa Mombasa, anayerudi Liwatoni au Mji wa Kale na changu na kolekole, hafiki maji yanayozungumziwa. Wanaoishi karibu na mstari kweli ni Wabajuni wa Kiunga, wenye jamaa upande wa pili tangu kabla ya Mwingereza na Mwitalia, na ukiwauliza kilichowaumiza kwenye uvuvi watakutajia marufuku ya kuvua usiku kabla ya kukutajia The Hague.

Hukumu bila askari

Siku hiyo hiyo Uhuru alisema Kenya inaikataa hukumu yote na haiitambui. Inashangaza kidogo ukikumbuka kwamba mwezi ule ule Kenya ndiyo iliyokuwa mwenyekiti wa Baraza la Usalama, na miezi minne baadaye balozi wetu pale, Martin Kimani, alisifiwa dunia nzima kwa hotuba kuhusu Ukraine iliyoeleza jinsi Waafrika walivyoamua kuishi ndani ya mipaka waliyorithi badala ya kuipigania.

Hukumu ya ICJ haina rufaa. Inazifunga pande mbili za kesi, na mmoja akikaidi, mwenzake anaweza kwenda Baraza la Usalama. Baraza linaweza kuchukua hatua, halilazimiki, na nchi tano zina kura ya turufu. Hakuna meli ya UN itakayokuja Kilindini kusimamia mstari. Hapo wale wanaosema "haina nguvu" wana hoja nusu.

Nusu ya pili iko Bakassi. Oktoba 2002 mahakama hiyo hiyo iliipa Cameroon rasi ya Bakassi, iliyokuwa mikononi mwa jeshi la Nigeria na yenye wakazi wengi wa Kinigeria. Nigeria ikaikataa hukumu kwa maneno makali. Juni 2006, baada ya kazi kubwa ya Katibu Mkuu Kofi Annan, ikatia saini makubaliano ya kuondoka, mwezi Agosti wanajeshi wakaanza kutoka, na 2008 makabidhiano yakakamilika. China kwa upande wake iliukataa uamuzi wa wasuluhishi wa 2016 kuhusu Bahari ya Kusini mwa China, na mpaka leo haijarudi nyuma. Kenya si China, na nadhani hata Ikulu inalijua hilo.

Nguvu halisi ya hukumu hii iko mahali ambapo watu hawaangalii: kwenye mikataba ya mafuta. Kuchimba kisima kimoja kwenye kina kirefu kunahitaji mamilioni ya dola, na kampuni haizami na fedha hizo kwenye kitalu ambacho mahakama imeshakisoma kuwa cha nchi nyingine. Kenya inaweza kukataa hukumu kila Jumatatu. Mwenye mtambo wa kuchimba hana sababu ya kumwamini kuliko wakili wake.

Uhusiano wenyewe umeendelea kwa njia za kando. Somalia ilivunja uhusiano wa kibalozi na Kenya Desemba 2020, ukarudishwa mwaka 2021. Miraa, iliyozuiwa kuingia Mogadishu tangu 2020, ilianza kupaa tena Julai 2022 baada ya Rais Hassan Sheikh wa Somalia kuzuru Nairobi. Wanajeshi wa Kenya wamebaki Somalia. Juu ya mstari, pande zote mbili zimekuwa kimya, na safari hii kila mmoja anajua ukimya wake hautahesabiwa kuwa ni kukubali.

Kinachobaki ni jambo ambalo hukumu haikulizuia. Nchi mbili zikitaka, zinaweza kuachana na ugomvi wa mstari na kukubaliana kuchimba na kuvua pamoja katika eneo fulani na kugawana mapato. Nigeria na São Tomé na Príncipe zilitia saini mkataba wa namna hiyo mwaka 2001, na Senegal na Guinea-Bissau zilikuwa na wao tangu 1993. Kenya ingeingia kwenye mazungumzo kama hayo ikiwa na kidogo kuliko ambacho ingekuwa nacho 2009, kabla mstari haujachorwa. Lakini bado ina bandari, ina mabomba, ina jeshi la wanamaji, na Somalia ina sakafu ya bahari ambayo haina namna rahisi ya kuilinda peke yake.